Udongo wa Kitanda cha Nne

Waliosoma sehemu ya wiki iliyopita wanajua nilivyoingia Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, na begi la mgongoni la kuazima, nikitafuta kaburi la mdogo wangu Josephat. Kwa asiyejua nitasema kwa ufupi.

Josephat aliondoka kwetu Igamba mwezi wa Mei mwaka 2001, akasema anavuka Tunduma kutafuta kazi upande wa Zambia. Mwishoni mwa Julai dereva wa lori aitwaye Fanuel alituletea begi lake pamoja na maneno: mwenye begi amefia gesti, na amezikwa hukohuko. Ndani mlikuwa na blanketi la nyumbani, sweta, na barua niliyomwandikia mimi. Kwa barua hiyo walijua begi lipelekwe wapi.

Mama akalala chini kwenye mkeka wa msiba. Siku za matanga zikaisha, watu wakarudi makwao, yeye hakuinuka.

"Nileteeni udongo wa kaburi lake," alisema. "Bila huo siinuki."

Katika ukoo wetu, aliyezikwa ugenini huchotewa udongo na ndugu yake wa damu. Anayechota humwita marehemu kwa jina mara tatu ili amfuate nyumbani. Asiyeitwa hubaki kwenye njia za watu. Tulizaliwa wawili tu, na Josephat ndiye aliyekufa. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Sikuwa nimewahi kutoka nje ya nchi. Nje yenyewe ilikuwa hatua mia mbili kutoka Tunduma.

*

Gesti ya Mama Ketrina ilikuwa gesti bubu. Haikuwa na kibao wala jina, na mlango wa chumba chetu ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi ya kwanza nilikwenda bafuni, nikarudi na ndoo yangu ikiwa imejaa.

"Mama Ketrina, maji haya yana povu."

"Povu ni sabuni, mayo. Una bahati. Wenzako huoga bila sabuni." Mayo ni mama kwa lugha ya huko.

Yalikuwa maji aliyofulia shuka za chumba cha pili. Chumba chetu shuka hazikufuliwa. Mgeni akiondoka, ziligeuzwa.

Kila chumba kilikuwa na vitanda vinne na hapakuwa na mto hata mmoja. Mgeni alilalia begi lake. Mama Ketrina alisema ni kwa faida yetu, kwa sababu begi lililo chini ya kichwa haliibwi.

Nikamwomba daftari la wageni, nione jina la Josephat kwa mwandiko wake. Nilitaka kuuona mwandiko ule tu.

"Daftari?" Akacheka, akanionyesha maandazi kwenye beseni. "Hilo hapo. Limebaki jalada."

Kweli, kila andazi lilikuwa limefungwa kwenye karatasi yenye mistari na majina ya watu.

"Sasa mliwajuaje wageni wenu?"

"Hapa hatuiti majina. Majina ya kazi gani? Mtu anakuja leo Mwansa, kesho Phiri. Sisi tunaita vitanda. Ndugu yako alikuwa kitanda cha nne, chumba cha Watanzania. Mimi sikuwepo, nilikuwa Kasama kwa mwanangu. Nilikuta ameshazikwa, nikaambiwa kitanda cha nne kimekufa. Pole sana, mayo."

Alisema pole kwa moyo, nikashindwa kumkasirikia.

Aliyenisaidia kuzimeza siku zile alikuwa jirani yangu wa kitanda. Aliitwa Mwamvua. Alitoka Momba bondeni, kwa wafugaji, na alikuwa na siku tisa pale akimngoja mumewe, Luhende.

"Umefuata maiti, dada, mimi nimefuata mzima," aliniambia. "Lakini nakwambia, huyu mzima ananitesa kuliko maiti."

"Amekwenda wapi?"

"Anafuata ng'ombe. Tuliibiwa ng'ombe wawili. Wezi wakavua kengele shingoni, wakazitupa zizini, wakatoweka nao. Luhende akaziokota zile kengele, akazitia kwenye begi lake la kijani, akasema ng'ombe anaijua kengele yake. Akizigonga mnadani, watamwitikia. Basi anazunguka nchi za watu anagonga kengele kama mtumishi wa kanisa!"

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Na hapa kwa Ketrina alifika?"

"Alifika. Mama mwenyewe anakumbuka. Anasema begi la kengele aliliona likitoka getini asubuhi moja, siku aliyokuwa anapanda basi la Kasama. Alisikia mlio. Basi, akimaliza kuzunguka atarudi hapahapa. Alinitumia neno kwamba hapa ndipo anapolala."

Nilimwonea wivu. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika yote. Nilimwonea wivu mwanamke anayemngoja mtu wake.

*

Siku iliyofuata Mama Ketrina alinipeleka makaburini. Mwamvua akasema hawezi kuniacha niende peke yangu na mtu wa gesti.

"Kwetu hatuchoti udongo," alisema. "Sisi tunamsomea mtu dua, yatosha. Lakini mama mkwe wangu Msukuma anayo mambo kama haya yenu. Twende."

Kaburi lilikuwa pembeni, karibu na mfereji. Kichwani palisimikwa ubao uliovunjwa kwenye kitanda. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: JOSEFATI. Chini yake: 4.

Ardhi ya Agosti ni ngumu. Nilipiga magoti, nikakwaruza kwa vidole, kucha zikakatika. Mwamvua akamgeukia Ketrina.

"Mama, huna hata kijiko?"

Ketrina akatoa kijiko mfukoni mwa aproni yake, kile cha kupakulia mboga. "Mkirudishe," akasema. "Kipo kimoja."

Mwamvua ndiye aliyechimba. Alichimba kwa kijiko kile huku jasho likimtoka, akanilainishia udongo, akanisogezea.

"Chota wewe, damu yake. Mwite."

Nikachota. Nikamwita. "Josephat. Josephat. Josephat, twende nyumbani, mama anakungoja."

Mwamvua akaweka kiganja chake juu ya lile tuta, akalipapasa taratibu kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Kaka, mfuate dada yako," alisema. "Usikae huku kwenye baridi. Wewe una watu."

Nikafunga udongo kwenye kitambaa, nikautia katika begi langu. Nilihisi nimepungukiwa na mzigo. Nilipanga kesho yake nirudi Igamba, mama ainuke, yaishe.

*

Mchana wa siku hiyohiyo mtu mmoja aliingia uani na jembe begani. Alikuwa mzee Ambilikile, mfagiaji wa gesti, ambaye alikuwa kwao kijijini kwa mwezi mzima. Mwamvua alikuwa ametoka, alikwenda kuwauliza matingo wa malori kama alivyofanya kila siku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye dada wa kitanda cha nne? Mama ameniambia. Pole. Mimi ndiye niliyemfunga macho na kumzika."

Nikamshukuru. Nikamwomba aniambie alivyokufa. Mama angeuliza.

"Homa na kuhara. Siku nne. Mwishoni alikuwa haoni mtu, anaita ng'ombe tu."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe. Anapiga mluzi, anawaita, anawagombeza. Mlikuwa na ng'ombe wengi?"

"Hatuna hata mmoja, baba. Sisi ni watu wa kahawa."

Mzee akaweka jembe chini.

"Labda nimekosea. Sikuyaelewa maneno yake. Nilishangaa, kwa sababu mimi ni Mnamwanga, na Kinyiha nakisikia. Jirani zetu ninyi. Ile haikuwa Kinyiha."

Nilikaa kwenye kizingiti.

"Baba, alikuwaje sura?"

"Mrefu sana. Miguu ilitoka nje ya kitanda."

Josephat alikuwa mfupi. Shuleni walimwita Kisiki.

"Na kwenye chumba walikuwa wangapi?"

"Wawili. Huyo mrefu, na kijana mmoja mfupi, mpole, ndiye aliyemuuguza. Alimsafisha kama mama. Mgonjwa alikuwa analalia begi gumu, lina vyuma ndani, kila akigeuka linalia. Yule mfupi akasema, mzee, mtu hawezi kufa juu ya vyuma. Akamwekea begi lake yeye, lilikuwa na blanketi, laini. La vyuma akalichukua mwenyewe. Asubuhi yake akatoka nalo kwenda Tunduma kutafuta dawa, hakurudi. Mgonjwa akafa siku ya pili. Tukasema yule mfupi ameukimbia ugonjwa. Hatukumlaumu, wengi hukimbia."

"Na begi lililokuwa chini ya kichwa cha maiti?"

"Tukalifungua. Tukakuta barua ya Igamba. Tukampa Fanuel."

Hakujua alichokuwa anasema. Hapakuwa na mto gesti nzima, na begi la mtu ndilo lililokuwa kitambulisho chake. Mdogo wangu alimpa mgonjwa mto wake, na wao wakamzika mgonjwa kwa jina la mwenye mto.

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Josephat hakuwa ndani ya kaburi lile. Aliyekuwa ndani ni Luhende.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliinuka pale kizingitini nikataka kupiga vigelegele. Ndipo nikaona kijiko cha Ketrina kilichotoka kaburini kikiwa juu ya begi langu, nikamkumbuka aliyekishika.

"Baba," nilimwambia mzee Ambilikile, "maneno haya usimwambie mtu kwanza."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Mimi ni mfagiaji, mwanangu," akasema, akachukua jembe lake akaenda nyuma ya nyumba.

*

Mwamvua alirudi alasiri akikimbia. Kanga moja ilikuwa inaburura chini.

"Dada Restuta! Amepatikana!"

"Nani?"

"Nani tena? Luhende! Utingo mmoja ameliona begi. La kijani, lina kengele mbili. Lipo Mpemba, upande wetu wa mpaka, kwenye ghala la mahindi, limetundikwa ukutani. Walipakia pale juzi, akaligusa, likalia."

"Amemwona mwenyewe?"

"Begi likiwepo, mwenyewe yupo. Kengele zile haachani nazo. Kumbe mwanaume anapakia magunia Mpemba, na mimi nimelala hapa na kunguni! Nikimkuta nitamchapa kofi kwanza, halafu ndipo nimsalimie."

Alinikumbatia. Nilimsikia moyo unavyompiga.

Hapa ndipo pa kukiri. Ningemwambia pale pale. Nilikuwa na kila kitu cha kumwambia: mzee alikuwa nyuma ya nyumba, kaburi lilikuwa hatua chache, na udongo wa mumewe ulikuwa kwenye begi langu, ameuchimba yeye mwenyewe.

Lakini alisema begi liko Mpemba, nami nilijua nani alitoka nalo. Nikaona nikimwambia, ataanguka, na nitalazimika kukaa naye kuomboleza wakati Josephat yuko mwendo wa saa moja tu. Nikajiambia nitamwambia kesho, nikishamshika mdogo wangu mkono. Yeye Josephat aliyemuuguza atamweleza vizuri kuliko mimi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

"Nitakusindikiza," nikamwambia.

"Kwani wewe huendi Igamba kumpelekea mama udongo?"

"Mpemba ni njiani."

"Mungu akulipe, dada yangu. Ulikuja na msiba wako, bado unabeba furaha yangu."

Jioni ile alisuka nywele. Aliniomba nimshikie kioo.

*

Tulivuka kurudi Tunduma asubuhi na mapema. Mama Ketrina alitusindikiza hadi getini.

"Vitanda vyenu niweke mtu?"

"Weka!" Mwamvua akamjibu. "Mimi sirudi tena kuoga maji yako ya kufulia."

"Awe, hapana! Mtarudi tu," Ketrina akasema, akacheka naye. "Gesti yangu mbaya, lakini wote wanarudi."

Hakuna aliyekumbuka kijiko.

Gari la saruji lilitupa lifti hadi Mpemba. Njia nzima Mwamvua alizungumza. Mimi nilikuwa nasema moyoni: Josephat, uwepo. Josephat, uwepo. Nilimwona akiwa na gunia begani, akinigeukia na kusema, "Dada, umefuata nini huku?" Nilishatayarisha hata jibu.

Ghala lilikuwa la mabati, kando ya barabara kuu. Wapakiaji walikuwa wamekaa kivulini wakinywa uji. Nikawaangalia nyuso zao mmoja mmoja. Mwamvua naye akawaangalia mmoja mmoja. Sote wawili tukamaliza.

Begi lilikuwa ukutani, kwenye msumari. La kijani.

Mwamvua alilifikia kabla yangu. Akalitikisa, kengele zikalia, naye akacheka kwa sauti.

"Mwenyewe yuko wapi? Mwambieni mkewe amefika na hasira zake."

Hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja mwenye kofia ya sufu akaweka kikombe chake chini, akaja. Alijitambulisha kwa jina la Boazi, msimamizi wa wapakiaji.

"Dada zangu, karibuni. Hebu kaeni kwanza."

"Hatukai," Mwamvua akasema. "Tumekaa sana."

"Kaeni, dada."

Mtu akikuambia kaa mara mbili, unajua. Mimi nilikaa. Mwamvua alibaki amesimama, begi limemning'inia mkononi.

"Alikuja hapa Julai," Boazi akasema. "Alisema ana mgonjwa Nakonde, hana uwezo wa dawa, anaomba kibarua cha siku moja. Tukampa. Alifanya kazi kutwa, akaenda kununua dawa Tunduma, akarudi hapa asubuhi yake aongeze siku ya pili, ampatie mgonjwa na chakula. Nilimkataza. Nilimwambia mpeleke dawa kwanza. Akasema lori hili moja tu, bosi. Saa nne rundo la magunia lilianguka."

Akavua kofia.

"Hatukumtoa akiwa hai. Polisi waliandika, tukamzika hapo nyuma ya kanisa. Tulituma neno Momba kwa wafanyabiashara wa ng'ombe. Kumbe halikufika."

Mwamvua hakupiga kelele. "Mmekosea," alisema. "Ni mtu mwingine. Luhende hana mgonjwa Nakonde."

Boazi alichukua begi mkononi mwa Mwamvua polepole, akatoa bahasha ndogo ya dawa, zile za duka la dawa, zenye mistari ya kuandikia. Alinipa mimi kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu.

Mbele ya neno "Jina" palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu: Luhende.

Josephat alikuwa ametaja jina la mgonjwa, na muuza dawa akaliandika. Basi watu wa Mpemba, ambao hawakuwa wamemwuliza jina lake, wakasoma jina kwenye bahasha, wakaliona begi la mfugaji na kengele, wakamzika mdogo wangu kwa jina la mtu aliyekuwa anamtafutia dawa.

Vidonge vilikuwa vyote ndani. Hakuna kilichotolewa.

"Soma, dada," Mwamvua akaniambia. "Mimi sikusoma. Kumeandikwa nini?"

Ningesema chochote. Ningesema hakuna jina.

"Luhende," nikasema.

Ndipo akaanguka.

*

Wapakiaji walimpepea kwa gunia. Alipopata sauti, alilia kwa Kisukuma na Kiswahili, akimlaumu kwa ng'ombe wawili, akisema ng'ombe ni nini, ungewaacha waende. Wanawake wa uji walikuja wakaketi naye wakamshika.

Mimi nilimshika pia. Mdogo wangu alikuwa amelala nyuma ya kanisa, na mimi nilikuwa namfariji mtu mwingine kwa kifo chake. Sikuwa na ruhusa ya kulia zaidi ya rafiki. Kila nilipofungua kinywa niliona nikisema neno moja, nitamuua mumewe mara ya pili kabla hajamaliza kumlilia mara ya kwanza. Tena atauliza: ulijua tangu lini?

Mwanamke mmoja wa uji alininong'oneza, "Wewe jirani umekauka macho. Lia basi, umsaidie mwenzio."

Baadaye Boazi alituongoza nyuma ya kanisa. Kaburi lilikuwa zuri kuliko lile la Nakonde. Wapakiaji walikuwa wamelizungushia mawe, na msalaba hawakuweka, kwa kuwa hawakujua dini yake. Ubaoni paliandikwa LUHENDE.

Lilikuwa kaburi fupi. Mwamvua hakuliona hilo. Mimi niliona.

Akaketi chini kando yake. Akavua mtandio wake, akautandika ardhini.

"Mama mkwe wangu atataka udongo," alisema. Sauti ilikuwa imemwisha, ilitoka kama upepo. "Nilikucheka moyoni jana, dada. Kumbe nilikuwa najifunza."

"Mwamvua..."

"Nina mikono lakini haina nguvu. Nimechimba wako, na wewe nichimbie wangu."

Nikafungua begi langu. Kijiko cha Ketrina kilikuwa juu ya kile kitambaa kilichofungwa. Nikakitoa, nikachimba. Udongo wa Mpemba ni laini, ulikubali haraka. Nilikuwa namchimba Josephat, naye alikuwa anatoka bila kunisumbua, kama alivyokuwa siku zote.

Nikachota kijiko cha kwanza, nikakishika juu ya mtandio wa Mwamvua. Mbele yangu palikuwa na mwanamke huyu, na nyumbani mama yangu alikuwa sakafuni, amelala ubavu, amegeukia mlango. Udongo aliokuwa anautaka ulikuwa kwenye kijiko. Udongo wa Mwamvua ulikuwa begini mwangu, na mwenyewe nilikuwa nimeshamwita kwa jina lisilo lake.

Boazi na wapakiaji waliinamisha vichwa. Mwamvua akanishika kifundo cha mkono.

"Sauti imeniisha," akasema. "Mwite wewe, kama ulivyomwita kaka yako. Mwite kwa jina lake, mara tatu, anifuate."

Nikafungua kinywa. Wote wakanyamaza wanisikilize.